Bikoni za Katavi na Safari ya Kutafuta Namba

Uko mchezo mmoja ambao huko Ulaya na Marekani umewatoa watu wengi majumbani siku za mapumziko. Mtu huficha kikopo chenye daftari dogo, pengine chini ya daraja au kwenye pango la mti, kisha hutangaza namba mbili tu: latitudo na longitudo. Mwingine huzichukua namba hizo, akapanda basi au treni, akaenda kukitafuta. Akikipata huandika jina lake na tarehe, akakirudisha palepale. Wenyewe wanauita jiokashingi. Ulianza Mei 3, 2000, katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako Dave Ulmer alificha ndoo msituni. Muda mfupi tu kabla ya hapo Serikali ya Rais Bill Clinton ilikuwa imeondoa kizuizi kilichokuwa kikiwafanya raia wapate vipimo vya setilaiti vyenye kasoro ya hadi mita 100.

Nami napanga safari ya namna hiyo, peke yangu, kwa vyombo vya abiria, kwenda Mpanda. Lakini sifuati kikopo. Katika mkoa wa Katavi vimo vitu vilivyopewa namba zamani sana, wakati hakuna aliyeota habari za setilaiti.

Tuanzie Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na ile Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold wa Pili, alijenga kituo chake pale. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. (Hapo ndipo alipofika mwaka 1889 Adrien Atiman, mtoto wa Sudani ya Magharibi aliyewahi kuuzwa utumwani, kisha akasomea uganga kisiwani Malta. Aliwatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Huyo anastahili mazungumzo yake peke yake.) Sasa, ukisoma maandishi ya zamani utaambiwa kituo kiko kando ya maji. Ukienda leo utayakuta maji mbali. Ziwa lilishuka sana katika miaka iliyofuata, baada ya maji kufungua njia kwenye mto Lukuga upande wa Kongo. Aliyeelekezwa kwa ziwa atapotea. Aliyepewa namba za mahali atafika.

Lakini kuzipata namba hizo hakukuwa kazi rahisi. Latitudo ilipimwa kwa jua au nyota. Longitudo ilidai saa sahihi, na saa iliyobebwa kichwani miezi mitatu kutoka pwani hutikisika. Ikikosea dakika nne tu, msafiri amekosea digrii nzima, yaani kilomita 110 hivi kwa huku kwetu karibu na ikweta. Ndiyo maana ramani za kale za nchi hii zinaonyesha mito na vijiji vimehama.

Dawa yake ilikuwa kupima ardhi yenyewe. Mwaka uleule wa 1879 David Gill alianza kazi ya mtaalamu wa nyota wa Serikali ya Uingereza kule Rasi ya Tumaini Jema. Yeye ndiye aliyetoa wazo la kupima mnyororo wa pembetatu kufuata longitudo ya digrii 30, kutoka Rasi mpaka Cairo, ili kujua umbo la dunia na kuipa Afrika msingi mmoja wa ramani. Unapima mstari mmoja chini kwa uangalifu mkubwa, kisha unapanda vilima na kupima pembe tu, kilima hata kilima. Hesabu hufanya yaliyobaki. Kipande cha Rhodesia ya Kaskazini kilipimwa kati ya mwaka 1903 na 1906, na cha Uganda mwaka 1908 na 1909. Katikati likabaki pengo, na sehemu kubwa ya pengo hilo ilikuwa magharibi ya Tanganyika.

Aliyeliziba ni Mwingereza aitwaye Martin Hotine, kati ya mwaka 1931 na 1933. Kundi lake lilipita mashariki ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Rukwa, Katavi na Kigoma. Naam, tunalijua jina la Hotine. Waliobeba saruji, maji na vyombo mpaka vileleni, waliofyeka miti ili kilima kimoja kionane na kingine, na wenyeji waliotaja majina ya vilima hivyo, hao ramani haiwataji.

Tukumbuke pia ilikuwa nchi ya namna gani. Katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya mkoloni ilikuwa ikiwahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika makazi maalumu kwa sababu ya malale. Vijiji vikageuka pori la mbung'o. Bikoni nyingi ziliachwa juu ya vilima visivyokuwa tena na wenyewe.

Hotine alirudi kwao, na kuanzia mwaka 1936 akasimamisha nguzo za saruji juu ya vilima vya Uingereza, zaidi ya 6,000. Leo kuna Waingereza ambao kazi yao ya Jumamosi ni kupanda basi kwenda kuzitafuta nguzo hizo moja moja na kuziandika daftarini. Mtu huyohuyo aliacha alama kwetu. Nani anazitembelea?

Jibu linasikitisha. Wanaozitembelea kwa bidii ni wachimbaji wa usiku. Imani imeenea nchini kwamba Mjerumani alipoondoka alizika fedha, na kwamba jiwe lolote lenye namba au msalaba ni alama ya mali hiyo. Kwa hiyo bikoni hung'olewa, huvunjwa, shimo huachwa wazi. Mjerumani alikwisha kushindwa katika nchi hii tangu vita vya 1914 hadi 1918. Vilima hivi vilipimwa miaka kumi na tano baadaye, na chini ya saruji hakuna kitu ila mwamba. Anayeumia ni mwanakijiji, maana mpaka wa shamba, wa kijiji na wa hifadhi hupimwa kutoka alama kama hizo. Alama ikitoweka, kesi ya mpaka hubaki ya maneno. Na sheria ya upimaji inahesabu kung'oa alama kuwa kosa.

Basi safari nimeipanga hivi. Nitapanda treni Tabora, ingawa siku hizi iko barabara ya lami kupitia Sikonge na Koga. Pale Kaliua njia hugawanyika: moja huenda Kigoma, nyingine hukata kusini kilomita 210 hivi, kuvuka mto Ugalla mpaka Mpanda. Tawi hili lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulikufa, reli ikabaki kuwasafirisha watu, mahindi na mpunga. Mjini nitatumia bajaji na miguu: stesheni, kisha mabaki ya mgodi, kwa mbali, kwa sababu mashimo ya zamani hayana huruma.

Njia ya kwenda Sumbawanga hupita Sitalike na kuingia ndani ya Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Huko abiria hashuki garini akatembea na simu yake akifuata namba. Simba na nyati hawaulizi longitudo. Kwa hiyo vilima vya hifadhini nimeviacha.

Jambo moja la ramani litamkwaza kila atakayenifuata. Ramani zetu za zamani za Serikali zinatumia hesabu iliyotokana na ule mnyororo wa Gill, iliyokamilishwa mwaka 1960 baada ya pengo la mwisho kupimwa Sudan. Simu inatumia hesabu ya setilaiti. Namba zilezile, katika hesabu hizi mbili, hutofautiana karibu mita 300. Ukichukua namba kwenye karatasi ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utasimama bondeni ukitafuta kilele.

Nitakwenda baada ya Juni, mvua zikiwa zimekatika na nyasi zimelala. Kutoka Mpanda nitachukua gari la abiria la Ikola na Karema, na mahali pa kwanza pa kushuka ni ofisi ya kijiji. Mgeni mmoja anayezunguka vilimani na chombo mkononi, katika nchi ya wasaka mali ya Mjerumani, lazima mwenyekiti amfahamu kabla hajaanza kupanda. Nitamwomba anitafutie mzee mmoja wa Kibende anitajie kilima kile kinaitwaje.