Kazi Isiyo na Jina: Nyuma ya Pazia la Mchezo wa Doctor Who

Wako watu wanaodhani kwamba kazi ya istilahi huanza pale kitu kinapokuwa kimekwisha kutengenezwa: fundi hutangulia na chombo chake, naye mwanalugha hufuata nyuma akitafuta jina la kukibandika. Fikra hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mara nyingi jina ndilo linalomfungulia mtu mlango wa kazi, na kukosekana kwa jina ndiko kunakompotezea haki yake. Katika makala haya tutalichunguza jambo hilo kwa mfano mmoja uliotoka mbali, yaani utengenezaji wa mchezo wa televisheni uitwao Doctor Who, ambao Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuuonyesha tarehe 23 Novemba 1963.

Mchezo huo ni wa hadithi ya kubuni ya kisayansi. Mzee mmoja, asiyejulikana jina wala atokako, husafiri katika nyakati na katika anga ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi. Nacho chombo hicho ndani ni kikubwa kuliko nje. Ulionyeshwa hadi mwaka 1989, ukafufuliwa mwaka 2005. Sisi hapa hatutashughulika sana na safari za mzee huyo, bali na watu waliobaki studio, ambao watazamaji hawakuwaona.

Jina lililofungua mlango

Mwanzoni mwa mwaka 1963 Sydney Newman, mzaliwa wa Kanada, alikuwa amekwisha kabidhiwa uongozi wa idara ya michezo ya kuigiza katika televisheni ya BBC. Miongoni mwa mambo aliyoyatenda mapema yalikuwamo mambo mawili ambayo kwa macho yetu ni ya istilahi hasa.

La kwanza, aliigawa idara mafungu matatu. Fungu moja lilikuwa la michezo ya pekee, ambayo huanza na kwisha kwa kikao kimoja. La pili lilikuwa la vipindi vya mfululizo, ambamo wahusika ni wale wale lakini kila kipindi kina kisa chake kamili. La tatu lilikuwa la hadithi za mfuatano, ambamo kisa kimoja huendelea wiki hata wiki, na aliyekosa sehemu moja hana budi kuuliza wenzake yaliyopita. Doctor Who uliwekwa katika fungu hili la tatu, chini ya Donald Wilson.

La pili, alitenga kazi mbili ambazo katika idara hiyo zilikuwa zikifanywa na mtu mmoja kwa jina moja. Tangu hapo mtayarishaji akawa ni yule anayeshika fedha, anayechagua watu na kuamua mwelekeo wa mchezo. Mwongozaji naye akawa ni yule anayewasimamia waigizaji na kamera. Kando yao alikuwapo mhariri wa hadithi, ambaye kazi yake ni kutafuta waandishi na kuirekebisha miswada yao. Katika Doctor Who kazi hiyo ya mwisho ilishikwa na David Whitaker.

Msomaji anaweza kuuona mgawanyo huu kuwa ni jambo dogo la ofisini. Lakini atazame matokeo yake. Maadamu utayarishaji ulikuwa umefungwa pamoja na uongozaji, nafasi hiyo ilikuwa ya wale tu waliokwisha kuwa waongozaji. Ulipopewa jina lake wenyewe, Newman aliweza kumpa kazi hiyo Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27, ambaye hapo nyuma alikuwa msaidizi katika kampuni nyingine ya televisheni. Wakati ule hapakuwa na mwanamke mwingine katika BBC aliyekuwa mtayarishaji wa michezo ya kuigiza. Uongozaji wa hadithi ya kwanza ulipewa Waris Hussein, kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Lucknow, India.

Walipewa studio ya zamani, Studio D ya Lime Grove, London, iliyokuwa finyu na yenye joto kali la taa. Tarehe 27 Septemba 1963 walirekodi sehemu ya kwanza, na mambo hayakwenda sawa: milango ya chombo cha mzee ilikataa kufunga, ikawa inagonga-gonga huku waigizaji wakizungumza. Kuhariri kanda za picha kwa kukatakata kulikuwa ghali na kugumu, kwa hiyo sehemu ya dakika 25 ilirekodiwa karibu kwa mkupuo mmoja, kama mchezo wa jukwaani. Newman alipoitazama aliwaita mtayarishaji na mwongozaji, akawaeleza kasoro zote, kisha akawaambia waianze upya. Wakairudia tarehe 18 Oktoba, na hiyo ndiyo iliyoonyeshwa. Hata hivyo ilionyeshwa siku moja tu baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa, wakati fikra za watu zilikuwa kwingine. Ikabidi irudiwe wiki iliyofuata kabla ya sehemu ya pili.

Hadithi iliyofuata, iliyoandikwa na Terry Nation, ilileta viumbe waitwao Dalek. Newman alikuwa amekataza madude ya kutisha watoto, na mswada huo ulimkasirisha. Lambert alisimama akautetea, naye alikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo kwa kuwa yeye ndiye mtayarishaji. Dalek wakaingia tarehe 21 Desemba 1963, nao ndio walioupatia mchezo umaarufu. Newman mwenyewe baadaye alikiri kwamba Lambert aliona sawa.

Kazi zilizokosa jina

Hebu sasa tugeuze upande wa pili wa shilingi. Muziki wa kufungulia mchezo uliandikwa na Ron Grainer, Mwaustralia, katika karatasi moja tu. Mahali pengine hakuandika noti kamili, bali alieleza tu sauti aliyoitaka: hapa mawingu, pale viputo vya upepo. Karatasi hiyo ilipelekwa Maida Vale, kwenye karakana ya sauti ya BBC iliyoanzishwa mwaka 1958, ikakabidhiwa Delia Derbyshire, mwanamke aliyesoma hesabu na muziki katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Vinanda vya elektroniki vya kuunda sauti za kila namna vilikuwa havijaanza kuuzwa madukani. Derbyshire, akisaidiwa na Dick Mills, aliujenga muziki ule noti moja moja. Alichomoa mlio wa uzi mmoja uliokazwa, akaunasa katika ukanda wa sumaku, kisha akauongeza au kuupunguza mwendo ukanda ili mlio upande au ushuke. Sauti nyingine alizipata katika mitambo iliyokusudiwa kupimia vyombo vya umeme. Kila noti ikawa kipande cha ukanda kilichopimwa urefu, kikakatwa kwa wembe na kuungwa na kingine; kwa maana urefu wa kipande ndio muda wa noti. Mwisho mashine kadhaa ziliwashwa kwa pamoja, kila moja na sauti yake, zikachanganywa kuwa wimbo mmoja.

Grainer alipousikia alistaajabu, akauliza kama kweli ni yeye aliyeutunga. Akataka Derbyshire agawiwe nusu ya malipo ya utunzi. Haikuwezekana. Kwa utaratibu wa BBC, watu wa karakana ile walikuwa watumishi wa mshahara, na kazi yao ilitangazwa kwa jina la karakana, si kwa majina yao. Aliyeandika noti aliitwa mtunzi, naye mtunzi alikuwa na haki katika mikataba. Aliyezifanya noti hizo zisikike hakuwa na jina. Na asiye na jina hana fungu.

Yakampata yayo hayo Raymond Cusick, aliyesanifu umbo la Dalek. Mswada wa Nation ulieleza viumbe hao kwa maneno machache. Lile umbo la pia, zile nundu za ubavuni na ule mwendo wa kuteleza kama usio na miguu ni kazi ya Cusick. Nation alikuwa mwandishi wa mkataba, akapata fungu lake katika kila mwanasesere wa Dalek aliyeuzwa, akatajirika. Cusick alikuwa mtumishi wa mshahara, akapewa bahashishi ya pauni 100, ambayo nayo ilikatwa kodi. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki hutolewa kwa hati, na hati hutaka jina.

Jina la Delia Derbyshire liliandikwa kwa mara ya kwanza katika orodha ya watengenezaji wa mchezo huo tarehe 23 Novemba 2013, ulipotimiza miaka 50. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2001.

Kanda zisizo na mlinzi

Kukosekana kwa jina hakukuwadhuru watu tu, bali kuliidhuru na kazi yenyewe. Maktaba ya filamu ya BBC ilikuwa na wajibu wa kutunza filamu. Kanda za picha hazikuwa filamu. Wahandisi walikuwa na kanda, lakini kwao kanda ni chombo cha kutumika tena. Idara ya kuuza michezo nchi za nje ilikuwa na nakala za filamu, lakini kwao nakala ambayo haki ya kuionyesha imekwisha ni mzigo tu. Kila upande ulidhani kwamba utunzaji ni wa mwenzake. Tangu mwaka 1967 hadi 1978 kanda zilifutwa na nakala kuteketezwa, mpaka mwisho wa miaka ya 1970 alipoteuliwa mtu maalumu wa kuchagua kumbukumbu za televisheni. Baadhi ya sehemu zilizopotea zilipatikana baadaye ughaibuni: mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zimeonekana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Hata baada ya hapo, sehemu 97 zilibaki hazijulikani ziliko.

Funzo kwetu

Mfasiri wa Kiswahili akipewa orodha ya watengenezaji wa mchezo kama huu atafanya nini? Kwa mtayarishaji na mwongozaji hatasumbuka, maana maneno hayo tunayo na tofauti yake ni bayana. Kwa wengine wote kuna kishawishi cha kuandika neno moja tu, fundi mitambo, na kumaliza kazi. Akifanya hivyo atakuwa amelirudia kosa la BBC, tena kwa lugha yetu wenyewe. Derbyshire hakuwa fundi mitambo, wala hakuwa mtunzi kwa maana ile ya Grainer. Mwandishi wa makala haya anapendekeza msanifu sauti, kwa kufuata mfano wa msanifu majengo: mtu anayepokea wazo na kulipa umbo. Vivyo hivyo Cusick aitwe msanifu mandhari. Na neno mfululizo, ambalo sasa hubebeshwa maana mbili, liachiwe vipindi vyenye visa mbalimbali; hadithi inayoendelea iitwe hadithi ya mfuatano.

Huenda wasomaji wakawa na maneno bora zaidi. Lililo muhimu ni kwamba maneno hayo yateuliwe mapema na yaingie katika mikataba, katika miundo ya utumishi na katika vyeti vya vyuo vyetu. Neno lililokuja baada ya mkataba kutiwa sahihi litafaa kwa historia, lakini halimlipi mtu.