Kwa Nini Linux Yangu Ilikuwa Bubu: Historia Fupi ya Sauti

Leo nataka tuzungumzie sauti katika Linux, maana mwezi uliopita nusura inifedheheshe mbele ya jamaa zangu hapa Dabaso.

Mjomba alikuja na kanda ya kaseti. Ndani yake mna sauti ya marehemu nyanya yangu (hawe, kama tusemavyo kwa Kigiriama) akisimulia ukoo wetu na kuwataja wazee mmoja mmoja. Ndiyo nakala pekee. Utepe ulishatafunwa na redio siku moja, kwa hivyo mjomba akanionya: "Mwanangu, hii tutaicheza mara moja tu."

Nilitoa kompyuta yangu ya zamani ya mezani, kwa sababu ina tundu la buluu la kuingizia sauti kutoka redio. Laptopu yangu haina. Nikajaribu kwanza na kanda ya taarabu. Nikarekodi dakika moja, na faili ikatoka na dakika moja kamili ya kimya! Mjomba akanitazama. "Na ile digrii?"

Ili tulielewe kosa, turudi nyuma kidogo.

Linus Torvalds alitoa Linux mwaka 1991. Mwaka uliofuata, Mfini mwenzake, Hannu Savolainen, aliandika draiva ya kadi ya Sound Blaster, na kutoka hapo ikakua OSS. Ilikuwa rahisi: programu inafungua faili /dev/dsp na kumwaga sauti humo. Lakini kwa kadi nyingi, programu moja ikishaishika kadi, nyingine husubiri nje. Miaka ile ya 90, Red Hat ilikuwa na programu ya kusanidi kadi, sndconfig, ambayo ilikuchezea sauti ya Torvalds mwenyewe akitamka jina Linux. Ukimsikia, basi kadi imekubali.

Mwaka 1998, Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Czech, aliyekuwa akishughulikia kadi ya Gravis Ultrasound, alianzisha ALSA. Iliingizwa kwenye kerneli mwaka 2002, na ikawafikia watu wengi kwa toleo 2.6 la Desemba 2003. ALSA ina tabia moja iliyowatoa wengi jasho: huanza ikiwa imezima njia zote za sauti, mpaka uzifungue. Mtu anasakinisha kila kitu sawasawa, kisha anasikia kimya tu, anaanza kuilaumu draiva bure.

Juu ya ALSA ikaja PulseAudio, kazi ya Lennart Poettering iliyoanza mwaka 2004. Fedora 8 iliiwasha mwaka 2007, na Ubuntu 8.04 ikafuata mwaka 2008. Hii ndiyo iliyochanganya sauti za programu zote pamoja. Mwaka 2021 Fedora 34 ikaiweka PipeWire ya Wim Taymans mahali pake.

Sasa angalieni jambo hili. PulseAudio na PipeWire hazikuiondoa ALSA. Zimejengwa juu yake. Ni kama Gede, jirani zetu hapa: unachokiona juu ya ardhi si mji wote. Ndiyo maana James Kirkman alipoanza kazi pale mwaka 1948 ilimbidi achimbe.

Nami nikachimba. Kwanza nikaandika:

arecord -l

Kadi ikaonekana, kwa hivyo draiva haikuwa na kosa. Kisha nikafungua alsamixer. Nikaona vidhibiti viwili tu, Master na Capture, vyote vimepanda juu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kumbe ile haikuwa kadi yenyewe, ilikuwa sura ya PipeWire! Nikabonyeza F6, nikachagua kadi halisi, kisha F4 kuona njia za kurekodi. Naam: Input Source ilikuwa imeelekezwa kwenye maikrofoni ya mbele, na waya wangu umo kwenye Line. Nikaibadilisha kwa mshale. Nikahakikisha Capture imewashwa kwa kitufe cha nafasi, nikapunguza kiwango kidogo ili sauti isipasuke.

Taarabu ikaingia safi. Nikaandika "sudo alsactl store" ili mpangilio usipotee, halafu nikamwambia mjomba alete kanda.

Tulikaa kimya sote. Utepe ulikwaruza mara mbili, moyo ukaniruka, lakini ukaenda mpaka mwisho. Hawe akataja majina, na mjomba akawa anayarudia polepole moja baada ya jingine. Mengine sikuwahi kuyasikia maishani mwangu.

Faili sasa ina nakala tatu, moja iko kwa mjomba kwenye flashi. Kama nyumbani kwenu kuna kanda kama hii, msingoje. Na mkikuta kimya, kumbukeni F6.

Haya, tuonane wiki ijayo.