Kabla ya picha kulikuwa na kidole

Kila ifikapo tarehe 8 Novemba, wataalamu wa mionzi hupongezana. Ni siku ambayo mwaka 1895, mjini Würzburg, Wilhelm Röntgen aliona miale asiyoijua akaipa jina la X. Hotuba za siku hiyo huwa zilezile: mfupa uliovunjika, kifua kikuu, siku hizi na saratani. Sijasikia hata moja inayomtaja mama aliyejifungua salama, akatolewa arobaini, na tangu hapo kila akikohoa mkojo humtoka.

Mama huyo naye ana historia yake ya picha. Nimeisoma zaidi katika maandishi ya Hans Peter Dietz, daktari wa wanawake aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Sydney, na ni haki msomaji ajue mapema kwamba Dietz ana upande. Yeye ni mtu wa altrasaundi, na husimulia mambo kama mtu aliyeshinda kesi.

Chini ya nyonga kuna msuli mpana, mwembamba, uliotandazwa kama machela. Madaktari huuita levata. Juu yake vimekaa kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho, na katikati umeacha uwazi ambao mtoto hupitia. Mtoto akipita, sehemu ya ndani ya msuli huo huvutika hadi zaidi ya mara 3 ya urefu wake. Hesabu hiyo ilitolewa Michigan mwaka 2004 kwa kompyuta, maana hakuna mama ambaye angekubali kupimwa saa ile. Msuli huo ukilegea au ukichanika, vilivyo juu yake hushuka. Ndicho ambacho mitaani huitwa kizazi kushuka, ingawa mara nyingi kinachotangulia kushuka ni kibofu.

Eksirei haioni msuli. Huona mfupa, na huona kile unachokimimina ndani ya mwili ili kionekane. Kwa hiyo madaktari wa mwanzo walimimina. Kibofu walikijaza dawa nzito. Kwa wenye shida ya choo, Walldén wa Sweden alikuwa ameshaonyesha njia mwaka 1952. Bariamu ilikorogwa na wanga wa viazi hadi ikawa kama ugali mlaini, ikaingizwa kwa nyuma, kisha mgonjwa akakalishwa chooni mbele ya mashine na kuambiwa ajisaidie huku anapigwa picha. Kipimo hicho bado kipo.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa mkojo, na ulihusu pembe.

Mwaka huohuo wa 1952, Jeffcoate na Roberts wa Liverpool walitangaza kwamba wameona siri ya kuvuja. Kati ya sakafu ya kibofu na njia ya mkojo, upande wa nyuma, kuna pembe. Kwa mwanamke asiyevuja ipo. Kwa anayevuja akicheka au akinyanyua ndoo, imepotea, na mstari umekuwa karibu mnyoofu. Lilikuwa wazo tamu, kwa sababu pembe hupimika. Tatizo ni kwamba njia ya mkojo haionekani vizuri kwenye eksirei. Hodgkinson, wa Hospitali ya Henry Ford mjini Detroit, akaupa umaarufu ufumbuzi ambao ukiusikia leo unakunja miguu: mkufu mwembamba wa shanga za chuma, unaopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi ndani ya kibofu. Mwanamke husimama, hujikamua, hupigwa picha ya ubavu. Shanga zinaonyesha njia ilivyolala, na daktari anachukua kipimapembe kama mtoto wa shule katika somo la hisabati.

Mwaka 1962 Thomas Green wa Boston aliipeleka hesabu hiyo mbali zaidi. Aliwagawa wanawake wanaovuja makundi mawili kwa pembe zao, na kila kundi akaliandikia upasuaji wake: hawa wapasuliwe kupitia ukeni, wale kupitia tumboni. Fikiria uzito wake. Kilichoamua kisu kipite wapi ni mstari uliochorwa kwa penseli juu ya filamu.

Mwaka 1967 Greenwald na wenzake walichapisha tathmini ya kipimo hicho, na ndani yake walikuwamo wanawake ambao hawakuwa wakivuja hata tone. Hata kati ya hao, baadhi pembe ilikuwa imepotea! Waliokuwa na pembe nzuri, baadhi walivuja. Hoja ikapasuka, lakini haikufa. Makala za kuitetea na za kuipinga ziliendelea hadi miaka ya 1970, na mikufu ikaendelea kuingizwa. Tayari mwaka 1961 Enhörning wa Sweden alikuwa amehamishia swali kwenye shinikizo la ndani ya kibofu na la ndani ya njia ya mkojo, na huko ndiko wataalamu wengi walikokimbilia baadaye.

Kinachonishangaza ni kwamba kwa miaka 20 watu wenye akili nyingi waligombania kibofu kana kwamba kinaning'inia hewani. Machela yenyewe ilisahaulika.

Na haikuwa kwa kukosa wa kuwaambia. Halban na Tandler waliandika Vienna mwaka 1907 kitabu kizima kuhusu chanzo cha kushuka kwa viungo vya uzazi, wakaulaumu uwazi wa levata uliopanuka. Mwaka 1943 Howard Gainey, daktari wa uzazi wa Marekani, alichapisha matokeo ya kuwapima akina mama 1,000 baada ya kujifungua. Chombo chake kilikuwa kidole. Alipapasa, akakuta kwamba kwa baadhi yao msuli umebanduka kutoka kwenye mfupa ulikoshikizwa. Chumba cha uzazi hakikuwa kimeona kitu, kwa sababu ngozi ya uke huweza kubaki nzima juu ya msuli uliong'oka. Mkunga anashona kinachoonekana, anapongeza, anaita mwingine. Gainey alirudia hoja yake mwaka 1955. Kidole kimoja dhidi ya mikufu ya Detroit hakikusikilizwa.

Ikabidi kungoja mashine. MRI, yaani picha za sumaku, ilianza kuonyesha nyonga ya mwanamke anayejikamua mwaka 1991. Mwaka 2003 John DeLancey wa Michigan alilinganisha wanawake 80 ambao hawajazaa na 160 waliozaa mara moja kwa njia ya kawaida. Kwa wa kwanza hakukuta msuli hata mmoja wenye kasoro. Kwa wa pili alikuta 32, yaani mmoja kati ya 5. Miaka miwili baadaye Dietz na mwenzake Lanzarone, kwa altrasaundi ya pande tatu, waliwapima wanawake kabla na baada ya kujifungua. Kati ya 39 waliozaa kwa njia ya kawaida, 14 levata ilikuwa imebanduka. Koleo za kuzalishia zilionekana kuwa mshukiwa mkubwa, na bado ndizo.

Miaka hiyohiyo zikaja nyavu za plastiki zinazowekwa kupitia ukeni ili kushikilia viungo vilivyoshuka, na baadaye kesi zake: Australia ilizuia nyingi mwaka 2017, Marekani ikaamuru zisiuzwe Aprili 2019. Wavu huo hauonekani vyema kwenye MRI, lakini kwenye altrasaundi hung'aa mweupe.

Kwetu Afrika Mashariki historia hii haijafika mbali. Mwaka 2016 kundi la Dietz lilichapisha vipimo vya wanawake wa Uganda ambao hawajazaa, likakuta viungo vyao vinashuka zaidi wakijikamua kuliko vya wenzao wa Australia. Kichwa cha altrasaundi kinachofaa kwa kazi hiyo hakitofautiani sana na kile kinachotumika kutazama mimba, na mashine za kutazama mimba tunazo hadi wilayani. Kinapakwa jeli, kinapitishwa tumboni, mtoto anatazamwa, kinafutwa. Sentimita chache chini hakifiki.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa wa mkoa wa Kilimanjaro. Kati ya wanawake waliopimwa, asilimia 64.6 walikuwa na kiungo kilichoshuka kwa kiwango cha kuhesabika. Nilitafuta ndani yake picha hata moja ya msuli. Walipimwa kwa macho, kwa mkono na kwa rula.