Mwangwi si mrindimo

Prodyuza akisema "ongeza riverbu kwenye snea", kila aliyemo studio anajua la kufanya. Ugumu huja jambo hilohilo linapotakiwa kuandikwa kwa Kiswahili, kitabuni au ubaoni. Hapo kalamu hukimbilia neno moja tu, mwangwi. Naona neno hilo limetwishwa mzigo usio wake, na katika kurekodi dramu kosa hilo linasikika kabisa.

Mwangwi tunaujua tangu utotoni. Unasimama mbele ya genge, unaita jina, unanyamaza, kisha jina linakurudia likiwa zima. Sharti lake ni umbali. Hewani, kwenye nyuzijoto 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo ukuta ulio mita 17 mbele yako hurudisha sauti baada ya karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sikio huipokea kama sauti ya pili.

Sasa ingia katika nyumba mpya ambayo haijawekwa hata kiti, upige makofi mara moja. Ukuta ulio mita mbili hurudisha sauti kwa milisekunde 12 hivi. Kabla sikio halijaitambua, nyingine imekwisha kufika kutoka darini, sakafuni na pembeni, na hizo nazo zinagonga kuta upya, mamia kwa mamia, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia. Huwezi kuzihesabu. Unachosikia ni kofi lililoota mkia. Mkia huo ndio riverbu, nami napendekeza tuuite mrindimo.

Kwa nini mrindimo? Kwa sababu kurindima ni kitenzi cha ngoma na radi, na radi inaeleza jambo lenyewe kwa usahihi wa kushangaza. Mmweso wa radi ni wa mara moja, lakini njia yake angani ni ndefu. Sauti ya sehemu iliyo karibu inatangulia, ya mbali inachelewa, zinapokelewa zikiwa zimeungana, na mngurumo unaburuzika. Tunaposema ngoma zinarindima hatuna maana kwamba kila pigo linarudiwa. Tuna maana kwamba sauti imejaa mahali na bado haijaisha. Yapo mapendekezo mengine. Mvumo ni neno zuri, ila ningelihifadhi kwa mlio wa ngozi ya ngoma yenyewe baada ya kupigwa, maana huo nao unahitaji jina. Kuna atakayesema mrindimo una uzito mno kwa mkia wa sauti ya mnong'ono. Ni kweli, lakini istilahi hupanuka kwa kutumiwa.

Hoja yangu kubwa inatoka Harvard, Marekani. Mwaka 1895 mwanafizikia kijana, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno ya mhadhiri yalikuwa yakivurugana. Alifanya vipimo vyake usiku, kukiwa kimya, kwa filimbi ya kinanda cha ogani na saa ya kupimia, huku mito ya viti ikibebwa kutoka ukumbi wa jirani kuja kumeza sauti. Ukumbi ukiwa mtupu, sauti ilidumu kama sekunde tano na nusu. Leo kipimo hicho ni muda ambao sauti hushuka kwa desibeli 60. Ukikiita "muda wa mwangwi", msomaji atadhani ni muda wa kungoja sauti irudi, kipimo kingine kabisa. "Muda wa mrindimo" hauna utata huo.

Waingereza na Wamarekani wenyewe walituponza. Studio zao za zamani zilikuwa na kile walichokiita chumba cha mwangwi, chumba kitupu chenye spika na maikrofoni, ingawa kazi yake ilikuwa kutengeneza mrindimo. Vyumba vya studio ya Gold Star, Los Angeles, vilisifika kwa kazi hiyo. Humo mwaka 1963 Hal Blaine alipiga dramu zinazofungua wimbo "Be My Baby". Mwaka 1985 vijana wa Scotland, The Jesus and Mary Chain, waliufuata mpigo huo katika "Just Like Honey", na mpaka leo bendi nyingi za indie pop zinapotamani dramu zenye ndoto ndani yake, zinatamani ule mkia.

Mkia huo pia hukatwa. Katika studio ya Townhouse, London, fundi Hugh Padgham alikuwa na maiki iliyowekwa chumbani ili wanamuziki waweze kuzungumza naye, nayo ilipita katika kompresa kali. Phil Collins alipopiga dramu, chumba kizima kilifura, kisha kifaa cha kufunga sauti kikaunyamazisha mkia ghafla. Matokeo yake yamo katika "Intruder" ya Peter Gabriel, ya mwaka 1980. Nauita mrindimo uliokatwa. Mwangwi huwezi kuukata hivyo. Ama umerudi ama haujarudi.

Tofauti hii inafika hadi kwenye maiki. Anayerekodi dramu za indie pop huweka maiki moja kwenye kiki, moja kwenye snea, mbili juu ya matoazi, na moja mbali, mwisho wa chumba. Zile za karibu huleta sauti kavu. Ya mbali huleta chumba. Akitaka ukavu wa miaka ya 70 atafunika ngozi kwa kitambaa na kuishusha ile ya mbali. Akitaka ukubwa ataipandisha. Fundi chipukizi akiambiwa "punguza mwangwi" ataenda kugusa kifaa cha dilei, ambacho kweli hurudia sauti, na chumba kitabaki vilevile. Basi dilei ipewe mwangwi, kwa kuwa ni haki yake, na riverbu ipewe mrindimo. Kitenzi nacho kinakuja bila kulazimishwa: rindimisha snea kidogo, kiki iache kavu.