Kutoka Machimbo ya Tabaka hadi Uwanja wa Suneka

Wazee wetu husimulia kwamba Sakawa, nabii wa Abagusii, alifika Getembe kabla Mwingereza hajakanyaga vilima hivi, akaonyesha mahali yatakaposimama majengo ya wageni: hapa hospitali, pale kituo cha polisi. Sakawa alitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Miaka michache baadaye Waingereza walikuja na bunduki, na kufikia 1908 boma lao lilikuwa limesimama hapo hapo Getembe, palipo mji wa Kisii leo. Mwaka huo Otenyo, mpiganaji wa Abagusii, alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa wilaya. Gusii ikalipa kwa nyumba zilizoteketezwa na mifugo iliyotwaliwa.

Ndivyo majengo makubwa ya kwanza yalivyoingia kwetu: yalikuja na amri, na ramani zake zikachorwa na watu ambao hawakumuuliza mwenyeji chochote. Kwa hiyo kila mazungumzo ya uwanja wa ndege wa Suneka, karibu na mji wa Kisii, yanapoibuka, na watu wakaanza kuota jengo la abiria la kisasa, mimi huuliza swali moja: nani atakaa na mchoraji kabla kalamu haijagusa karatasi?

Nauliza hivyo kwa sababu nimezaliwa Tabaka, Mugirango Kusini, na mama yangu aliishi kwa jiwe. Jiwe la Kisii, lile laini la kuchongwa, lilikuwa na kazi nyumbani muda mrefu kabla halijawa zawadi ya mtalii. Watu walichonga bakuli za chakula, viko vya tumbaku na mbao za kuchezea bao. Baada ya uhuru, watalii walipoongezeka, maumbo yakabadilika: viboko, vifaru, twiga, familia iliyokumbatiana. Mizigo ilipanda basi kwenda Nairobi na Mombasa, kisha ikavuka bahari. Mwaka 1990 wachongaji wa kwetu walianzisha kikundi cha Smolart ili wauze kazi yao kwa pamoja badala ya kila mmoja kubanwa peke yake na dalali. Naye Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, alifikisha jiwe letu Paris: ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO.

Sifa huenda kwa mchongaji, lakini jiwe halitoki machimboni likiwa linang'aa. Mwanamume huchimba kwa jembe na mtaimbo katika shimo ambalo mvua ikizidi hujaa maji au kubomoka. Mchongaji hulikata jiwe likiwa bado na unyevu, kwa panga kwanza, halafu kisu. Kisha kazi huja kwa wanawake. Mama aliketi na beseni la maji kati ya miguu, msasa mkononi, akaanza na ule wa kukwaruza, akaja wa wastani, akamalizia na laini kabisa, akisuuza kila mara ili aone mikwaruzo iliyobaki. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa unga siku nzima. Jiwe likikauka alilipaka nta. Vipande vingine vilipakwa rangi kwanza, halafu fundi akachora kwa ncha ya chuma, rangi ikatoka na weupe wa jiwe ukajitokeza kuwa maua, samaki au mistari. Malipo yalikuwa kwa kipande, na yalikuwa madogo.

Miaka yote hiyo jiwe hili limeuzwa katika maduka ya viwanja vya ndege, mara nyingi likitajwa kuwa la Kenya tu. Sasa naona hatari ya kulitumia vibaya hata nyumbani: jengo la vioo lililonakiliwa kutoka kwingine, na mlangoni kiboko mkubwa wa jiwe, halafu tuambiwe ndio utamaduni wa Gusii.

Wapo waliofanya vizuri zaidi. Jengo la pili la abiria la Dar es Salaam, lililokamilika 1984, lilichorwa na Paul Andreu, Mfaransa aliyechora pia uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Alilipa paa lililogawanyika kama safu za miti, na watu wanapita chini ya kivuli chake. Jeddah, mwaka 1981, mahujaji walijengewa paa la mahema makubwa yaliyo wazi pembeni, hewa moto ikapanda na upepo ukapita. Katika majengo yote mawili, umbo la nchi lilipewa kazi ya kumfaa msafiri.

Gusii ina mengi ya kutoa kwa namna hiyo. Nyumba ya bibi yangu upande wa Nyamira ilikuwa ya mviringo, kuta za fito na udongo, paa la nyasi lenye mteremko mkali uliotupa mvua mbali na ukuta. Mvua zetu hupita milimita 1,500 kwa mwaka, kwa hiyo paa la Suneka lishuke vivyo hivyo, liwe na upenu mpana. Kuta ziwe za matofali ya kuchoma, ambayo mafundi wetu wanayajua tangu ujana wao. Jiwe la Tabaka lisiwekwe sakafuni, maana ni laini na magurudumu ya masanduku yatalichimba. Liwekwe ukutani, kwenye vibao vilivyopakwa rangi na kuchorwa kwa ncha, mahali ambapo mkono wa mtoto utafika.

Ndani ya nyumba ya bibi, jiko lilikuwa upande mmoja, na upande mwingine ulikuwa eero, walipokaa wanaume na wageni. Wazee walizunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na shauri la ukoo likakatwa hapo. Jengo la Suneka linahitaji eero yake. Kwetu msafiri hasindikizwi na mtu mmoja. Kijana akienda Minnesota, ambako Abagusii ni wengi, huja wazazi, shangazi, mchungaji na majirani, na sala ni lazima. Viwanja vingi huwaacha watu hawa juani, nje ya mlango. Wapewe ukumbi wenye viti, chini ya paa.

Tena Abagusii huzika nyumbani. Ndugu aliyefariki ng'ambo huchangiwa hadi arudi kwenye ardhi ya baba yake. Uwanja wa Gusii utapokea majeneza, na mchoraji asiyejua hilo atayapitisha kwenye lango la mizigo. Tunataka mlango wake, upana wa kuwatosha wabebaji sita, na chumba cha jamaa kulia na kuimba bila kuharakishwa.

Haya yaandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, pamoja na wachongaji na wasugua mawe wa Tabaka kwa majina yao na malipo ya haki. Getembe ilipangwa bila sisi. Suneka iko mikononi mwetu, na wazee, mafundi na akina mama wanaojua kinachotakiwa wako hai; waitwe mezani sasa.