Damu ya Kristo katika Pwani Iliyouza Watu

Tingi, wilayani Kilwa, ndipo inapochepuka barabara ya Kipatimu kuelekea vilima vya Matumbi. Ukiendelea na barabara kuu upande wa kusini utafika Kivinje, bandari ambayo karne ya 19 iliwapitisha watu kama bidhaa. Kwa hesabu za forodha, kati ya 1862 na 1867 watumwa wapatao 97,000 walisafirishwa kutoka Kilwa, wengi wao kwenda Unguja. Kwa watu waliowahi kupangiwa bei, fundisho kwamba mwanadamu amekombolewa kwa damu halikuwa fumbo la wanazuoni.

Fundisho lenyewe ni la kale. Torati inasema uhai wa kiumbe umo katika damu, na usiku wa kutoka Misri Waisraeli walipaka damu ya mwanakondoo kwenye miimo ya milango. Mitume wakafundisha kwamba Kristo ndiye mwanakondoo huyo. Waraka wa kwanza wa Petro ukasisitiza kuwa kilichomkomboa mtu si fedha wala dhahabu. Kama ni fidia, basi, alilipwa nani? Miongoni mwa walimu wa Kanisa la kale, Origen alisema Shetani. Gregory wa Nazianzus akakataa katakata: mnyang'anyi hana haki ya kulipwa. Mwishoni mwa karne ya 11, Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, akafundisha kwamba deni lilikuwa la heshima ya Mungu, na hakuna aliyeweza kulilipa ila aliye Mungu na mtu pamoja.

Wareno hawakuja Kilwa na mafundisho hayo. Julai 1505 majeshi ya Francisco de Almeida yaliteka Kilwa Kisiwani. Mapadri wa Kifransisko walishuka na misalaba wakiimba sifa, kisha mji ukaporwa. Msalaba ulitangulia, uporaji ukafuata, na sioni mahubiri yanayoweza kuusafisha mpangilio huo.

Mwaka 1876 mambo yalikuwa mengine. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Unguja na watu wapatao 55 walioachiwa huru kutoka utumwani, wakashukia Lindi, wakatembea hadi Masasi. Nyuma yao, Mkunazini mjini Unguja, kanisa lilikuwa likijengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa 1873. Altare yake, wenyeji husimulia, imesimama pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa.

Anayenigusa zaidi katika historia hii ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akauzwa akiwa mtoto, akalelewa na misheni Unguja, kisha akapelekwa kusoma Canterbury, mji ule ule wa Anselm. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri, akahudumu Chitangali, bara ya Lindi. Hebu mtazame altareni: anamimina divai katika kikombe, anaongeza tone la maji, kwa kumbukumbu ya damu na maji yaliyotoka ubavuni mwa Kristo, kisha anawanywesha waumini. Mikono ile iliwahi kuuzwa. Swali la Origen, nani alilipwa, lingekuwa na uzito gani kwake? Nadhani angesimama na Gregory: mwizi wa watu hadai kitu.

Halafu ikaja 1905, mwaka wa Vita vya Maji Maji. Huko juu Matumbi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya dawa ili risasi za Wajerumani zisiwadhuru. Mafundisho mawili ya kuokoka yakakutana, la maji na la damu. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliyekuwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji huko Mikukuyumbu pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kanisa likawaita mashahidi, na hilo ni haki yake. Lakini wanavijiji waliokufa vitani na kwa njaa iliyofuata, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala, wanakadiriwa kufika 250,000 au zaidi. Askofu ametajwa kwa jina. Wengi wa hawa hawakuandikwa popote.

Ndiyo maana nawaomba makatekista wa Kilwa na Lindi: mnapofundisha juu ya damu iokoayo, anzieni Kivinje. Wafundisheni watoto habari za Majaliwa kabla ya Anselm, na wafu wa Matumbi watajwe katika maombi sawasawa na Spiss.