Kibarua ni Barua Ndogo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Lunga Lunga Road. Tumetoka Jericho, Makongeni na Mukuru kwa miguu, maana pesa ya nauli iko huko ndani ya geti. Kila mtu ameshika kitambulisho. Soja anachungulia: "Leo ni kumi tu." Sisi tunakaribia sitini.

Hapo ndipo nilipoanza kuliwaza neno kibarua. Limetokana na barua. Zamani huko pwani, karne ya 19, mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha amefanya kazi, akakirudisha wakati wa kulipwa. Baadaye jina likahama kutoka kwa karatasi, likaenda kwa kazi, mwisho likamwangukia mtu mwenyewe. Ndiyo maana leo unaweza kupata kibarua na pia kuwa kibarua.

Wakoloni wakaleta karatasi yao. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 kubeba kipande: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ukiondoka kazini bila sahihi ya mwajiri, wewe ni mtoro. Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliokipinga. Alipokamatwa Machi 1922, watu walikusanyika Nairobi kudai aachiliwe, wakapigwa risasi.

Kibarua, kipande, kitambulisho. Zote zinaanza na ki-, ni kama huwezi kula kabla hujapunguzwa kidogo.

Hata soja wetu ni kibarua, lakini mpe funguo za geti uone: anasimama kama kampuni ni ya babake. Simlaumu. Mtu aliyepunguzwa hutafuta mahali pa kujiongezea.

Siku hiyo nilikuwa wa kumi. Nyuma yangu alikuwa jamaa tuliyegawana mandazi njiani. Nikamwambia, "Kesho watachukua wengi, buda." Kuhusu kesho sikujua lolote. Lakini wiki iliyotangulia yeye ndiye aliyeingia, nikabaki nje, na aliniambia maneno yayo hayo. Nilijua anadanganya. Kesho yake nikarudi.